Pampu ya Tatu

Haya alinihadithia Hamdun mwenyewe, mtoto wa marehemu dada yangu, hapa hapa kwangu Hindawiyah, mjini Jeddah, siku za mwisho wa Rajabu mwaka 2019, nami nachambua mchele. Mwenye siri alikuwa ameshatimiza arubaini kaburini. Hata hivyo Hamdun aliniambia, "Mama mkubwa, ukimsimulia mtu geuza majina." Nimeyageuza, isipokuwa lake yeye na la Julius. Wao wameridhia.

Watu wa mtaa wa Ghulail wakimwita Hamdun mpelelezi wa mabomba. Utani tu, lakini ulimganda. Duka lake ni la pampu, ila mtu akidondosha pete kwenye sinki, au ukuta ukiota unyevu usiojulikana watoka wapi, humwita yeye. Hufunua, hunusa, huuliza, hata akapata.

Siku ya kisa hiki ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi. Alipigiwa simu na Ziyad, mtu wa kwetu, wazee wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi kama tulivyotoka sisi. Nyumba yake iko mtaa wa Nuzha, ya ghorofa mbili, na chini ya ardhi ana ghala.

"Imekufa tena," alisema Ziyad.

"Ya tatu hii?"

"Ya tatu. Miezi mitano, pampu tatu. Maji ya bayara, lile shimo la maji machafu, yamerudi juu, ghala lote limejaa uchafu, mazulia halas. Na mke wangu ameshamjua aliyefanya."

"Nani?"

"Mtumishi. Anatia matambara chooni, nini kingine kitaua pampu tatu? Baada ya alasiri dereva anampeleka kwenye basi, arudishwe ofisini kwao Riyadh, kwa mawakala. Wewe njoo utoe ushahidi tu. Na uje na pampu nyingine, ile ile."

Hamdun akamchukua Julius, fundi wake, Mkenya wa makamo mwenye mikono kama koleo. Njiani Julius aliuliza, "Huyo dada akirudishwa Riyadh, anapewa nyumba ingine?"

"Inategemea wataandika nini."

"Wakiandika mchafu?"

Hamdun alibadilisha gia. Ofisi ya Riyadh huandika sababu, na kila mwenye nyumba anayekuja kuchagua mtumishi huisoma. Aliyeandikiwa mwizi hupata nyumba, maana watu hufunga makabati. Aliyeandikiwa mchafu hukaa chumba cha nyuma mpaka arudishwe kwao kwa aibu.

Walipofika, bibi wa nyumba, Safa, alikuwa amesimama mlango wa uani, amejiziba pua kwa upindo wa shela. Karibu na mtungi wa gesi alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, begi miguuni. Huyo ndiye Peris, mtumishi.

"Karibu, Ami Hamdun," alisema Safa. "Samahani kwa harufu. Nimemwambia asisafishe mpaka uone. Ukisafisha ushahidi unakwenda."

"Umefanya vyema."

"Mama mkwe analia tangu jana, hataki kula. Nyumba inanuka kama soko la samaki. Mwenyewe huyo hapo, muulize. Mimi hanijibu."

Peris alitazama chini. "Nimejibu, madam. Nimesema si mimi."

"Hilo si jibu."

Ziyad hakuwa mtu wa kutupa chuma. Pampu ya kwanza na ya pili zilikuwa bado chini ya tangi la maji, zimeota kutu. Ya tatu Ziyad alikuwa ameshaitoa shimoni jana. Julius akazipanga zote juu ya katoni, akaanza kufungua skrubu. Ya kwanza alipoivua kifuniko cha chini, alipiga mluzi.

"Bosi, hii imekula nguo."

Panga la pampu lilikuwa limekabwa kwa tambara, limezungushwa kama uzi kwenye kigurudumu. Mota iliposhindwa kuzunguka iliungua. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Julius alivaa glavu, akayachomoa matambara kwa koleo, akayaloweka kwenye ndoo ya klorini, akayatandaza juani. Yalikuwa saba.

"Haya," alisema Safa. "Hiyo kanga. Nyumba hii nani anavaa kanga? Mimi sivai." Akaingia ndani, akatoka na kanga nyingine, leso ya Peris aliyoikuta chumbani mwake. Ncha moja ilikuwa imeraruliwa.

Hamdun aliipokea. "Binti, hii yako?"

"Yangu, mzee."

"Kipande hiki kimekwenda wapi?"

"Nilirarua nikafunga kichwa siku tulikuwa tunaosha dari. Madam aliniona."

"Nilimwona amefunga kitu," alisema Safa. "Kitu gani, sikukipima."

"Ukakitupa wapi?" Hamdun alimwuliza Peris.

"Kwa pipa, huko nje."

"Na chooni hutupi chochote? Vile vitu vya... vya kila mwezi?"

Peris aligeuza uso ukutani. Julius alianza kuhesabu skrubu zake kwa sauti, nazo zilikuwa nne tu. Hamdun aliona masikio yake mwenyewe yanawaka. Ana mabinti watatu na hajapata kuwauliza neno kama hilo.

"Nampa vyake, na mifuko myeusi nampa," Safa alijibu badala yake. "Anavitumia au havitumii, hilo ulizeni hizo pampu."

Hamdun alichuchumaa. Akaishika leso ya Peris, kisha tambara moja, kisha leso tena. Leso ilikuwa mpya, bado ina wanga wa dukani, ukiikunja inabaki na mstari. Matambara yalikuwa laini kama kitambaa cha mtoto mchanga, wekundu wake umefifia hata umefanana na tofali. Kanga iliyofuliwa miaka ishirini, si miezi saba aliyokaa Peris humo. Halafu akaona jambo jingine. Kila tambara lilikuwa limekunjwa mara nne na kushonwa pembeni kwa mkono, mishono midogo, sawasawa, na mwisho wa uzi mafundo mawili.

"Peris," alisema, "unajua kushona?"

"Kifungo tu, mzee. Na hicho pia kinatoka."

Hamdun alitupa jicho upindo wa gauni lake la kazi. Ulikuwa umefumuka, naye ameushika kwa pini tatu.

"Basi?" aliuliza Safa.

"Bado."

"Bado nini tena, Ami? Kanga si hiyo?"

"Ni kanga. Bado sijaliona shimo."

Hapo nami nilimkatiza nikamwuliza, kwani siku zote hizo, pampu tatu, ulikuwa hujaliona shimo? Akaniambia, "Ngoja, Mama mkubwa. Nakuja huko." Lakini aliinamisha kichwa aliposema.

Ziyad alitangulia kuwaonya wanawake kuwa mtu anapita, kisha akamwingiza Hamdun kupitia jikoni. Choo cha mtumishi kilikuwa chini ya ngazi, vidato vitatu kushuka. Kilibandikwa pale baada ya nyumba kujengwa, kwenye ramani hakimo. Tope la jana lilikuwa limekauka sakafuni mbele yake, jembamba kama maji ya udongo anayomalizia mfinyanzi chungu chake. Hamdun alimzuia Ziyad kwa mkono asikanyage.

Kulikuwa na alama za kandambili, za Peris. Za viatu vizito, hizo za Ziyad. Na kulikuwa na nyayo za tatu, fupi, zinaburura kisigino, na kila hatua ubavuni mwake kiduara kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Zimeshuka mpaka chooni, zikarudi. Zilikuwa juu ya tope, si chini yake. Aliyezipiga alikuja leo asubuhi, baada ya mafuriko.

"Nani ameingia hapa leo?" aliuliza Hamdun.

"Hakuna. Safa amekataza."

Hamdun akaziruka zile alama, akafika kwenye kifuniko cha shimo, nje ya mlango wa choo. Julius alikuja na mtalimbo na ile pampu ya tatu, wakakifunua. Mabomba mawili yalimwaga humo. Moja jembamba, linatoka kwenye mashine ya kufulia. Jingine pana.

Julius alimulika tochi. Alisubiri Ziyad aondoke kwenda kupokea simu, ndipo akasema chini chini, "Bosi. Hiyo ya inchi nne inatoka choo."

"Naiona."

"Na hii pampu yetu ni ya maji ya mvua." Akaigeuza ile ya tatu, akafuta kibao cha mota kwa kidole gumba, akasoma. "Inapitisha milimita kumi. Hapo hata kunde inaomba ruhusa. Nani alichagua hii?"

"Unamjua aliyechagua."

"Nauliza tu."

Aliyechagua ni Hamdun mwenyewe. Siku ile alipokuja kwa mara ya kwanza alikaribishwa majlisi, akaletewa gahawa na tende. Ziyad akamwambia ana shimo dogo chini, maji ya kufulia na ya kuosha ua. Desturi ni kwamba fundi aombe alione shimo. Lakini nyuma ya pazia alisikia sauti za wanawake, na mtu muungwana haombi kupitishwa jikoni kwa watu. Akanywa vikombe vitatu, akatikisa kikombe kwamba ametosheka, akachagua pampu akiwa ameegemea mto, Ziyad akaifunga mwenyewe. Mara ya pili Ziyad alipiga simu, "ile ile", akampelekea. Mara ya tatu vilevile. Marehemu baba yake, aliyeanza kazi hii Unguja kwenye visima, alikuwa na neno moja tu la kumfundisha, funua kwanza.

"Pampu ya choo," alisema Hamdun, kama anayejisomea mwenyewe, "inatakiwa ipitishe kitu cha ukubwa wa limau. Na pakiwa na hatari ya nguo, iwe na kisu mdomoni, ikate kabla ya kumeza."

"Tunazo mbili dukani, bosi. Zimekaa mwaka mzima."

"Nenda kalete moja. Iwe ya kupandisha maji mita sita mpaka barabarani, usiniletee ile ndogo."

Julius alifika mlangoni akageuka. "Sasa dada wa watu amefungishwa begi kwa sababu ya gahawa?"

"Nenda, Julius."

Lakini kisu cha pampu kisingemwokoa Peris. Safa alikuwa na matambara saba, na matambara yanataka mwenyewe. Hamdun alitoka uani. Kwenye kamba palikuwa na shuka tatu zinakauka, zote za kitanda cha mtu mmoja, na kando yake kipande cha mpira mweupe, vile wanavyotandika chini ya shuka ya mtoto. Nyumba ile haikuwa na mtoto.

"Unafua kila siku?" alimwuliza Peris.

"Ijumaa na Jumanne."

"Leo Jumatano."

Peris alishika mpini wa begi lake. "Mzee, hizo shuka wacha tu."

"Nani analala kitanda kidogo?"

"Nimesema wacha. Tafadhali. Mimi naenda, imeisha."

"Ulikuwa unajua?"

Peris alifanya jambo moja, Hamdun aliniambia, ambalo lilimtosha. Alisogea hatua mbili, akasimama kati ya Hamdun na dirisha la chumba cha chini.

Kutoka dirisha hilo sauti ya mtu mzima iliita, "Hamdun? Wewe si mtoto wa marehemu Bi Zuwena? Pita, mwanangu. Mimi si mwanamke wa kukimbiwa tena."

Bi Mwatima, mamake Ziyad, alikuwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi. Chumba kilifukizwa udi mwingi kuliko inavyohitajika asubuhi. Bakora yake iliegemea kitanda. Ncha ilikuwa na mpira, na mpira ulikuwa na tope. Juu ya meza, kando ya Msahafu, kibweta cha biskuti cha bati, kile ambacho kila mama wa kwetu hutilia nyuzi na sindano.

Hamdun alikaa kwenye kiti cha mlangoni.

"Wamwonaje mkwe wangu?" aliuliza Bi Mwatima.

"Ana hasira."

"Ana haki. Mazulia yale ni ya mamake." Akasukuma punje mbili za tasbihi. "Na yule binti?"

"Anaondoka alasiri."

"Nimesikia. Jana nimesikia yote, ukuta huu mwembamba. Anaambiwa mchafu, mara ya kwanza, mara ya pili. Miye nimekaa hapa navuta tasbihi." Akaiweka tasbihi pajani. "Unajua nilifika mia ngapi? Hata sijui. Nilikuwa nahesabu tu nisisikie."

Hamdun alitazama mikono yake mwenyewe.

"Leo alfajiri nimeshuka kule chini," aliendelea Bi Mwatima, "nione kama yamebaki mengine niyatoe. Kuinama siwezi. Nimerudi."

"Bi Mwatima, kosa ni langu. Pampu niliyoichagua haikuwa ya choo. Nitamwambia Ziyad hivyo, na ni kweli."

"Ni kweli yote?"

"Ni kweli ya kutosha."

"Mamako alikuwa hivyo hivyo," alisema yule bibi. "Akimfunika mtu nguo, miguu inabaki nje."

Julius alirudi na pampu mpya karibu na adhuhuri. Waliifunga, wakaliweka boya lake pasipogusa ukuta, wakamwaga ndoo sita za maji. Pampu ikanguruma, ikanyonya, ikajizima yenyewe. Ziyad alisimama juu ya shimo akisema mashaallah. Safa alikuja, Peris nyuma yake.

"Umempata, Ami?" aliuliza Safa.

"Nimempata. Ni mimi."

Safa alidhani ni mzaha, akatabasamu kidogo. Hamdun alitoa mfukoni dengu na limau alivyoviomba jikoni, akaviweka juu ya kifuniko. Akamwonyesha Ziyad mdomo wa pampu ya zamani, dengu ikapita kwa shida. Kisha akalitupa limau shimoni na ndoo za maji, pampu mpya ikalimeza. "Nilichagua pampu nikiwa majlisini kwenu," alisema. "Sikuliona shimo, sikujua pana choo. Hata fundi anayeanza kazi leo hafanyi hivyo. Mara tatu nimefanya. Mazulia nitayapeleka kuoshwa mimi."

Ziyad aliona haya kuliko yeye. "Na mimi sikukwambia. Choo hicho mimi nilikisahau. Sijapata kukiingia."

"Sawa," alisema Safa. "Pampu kosa la Ami Hamdun. Na kanga? Kanga iliingia yenyewe?"

Hamdun aliinama akaokota dengu.

"Ni mimi, madam," alisema Peris. "Nilitupa mimi. Nilidanganya. Nisamehe."

Safa aligeuka taratibu. "Jana nilikuuliza mpaka sauti ikanikauka."

"Niliogopa."

"Na leo?"

"Leo naenda, sina cha kuogopa."

Ikasikika bakora juu ya vidato. Bi Mwatima alikuwa amekuja mwenyewe, mkono mmoja ukutani, katika mkono mwingine kipande cha kanga nyekundu kilichobaki, kimekunjwa mara nne, sindano bado imo.

"Muongo huyo," alisema. "Kushona hajui. Changu."

"Mama," alisema Ziyad.

"Usiniite mama, nisikilize, nitasema mara moja. Tangu Ramadhani sijizuii mkojo. Nimeshona hivi nijisitiri. Kwenye pipa ningeonekana, chooni kwangu kungeziba ukaita mafundi. Nikaona choo cha mtumishi, nani atauliza? Huyu binti ananifulia shuka kabla hamjaamka, miezi yote hiyo, hajasema. Jana mmemwita mchafu, na mimi nimenyamaza. Sasa mmejua. Nirudisheni kitandani, miguu inauma."

Aliyemshika mkono alikuwa Peris. Safa alibaki anatazama ile sindano. Baadaye alitoka nje, Hamdun akamsikia akimwambia dereva, "Leo hakuna safari." Hakurudi ndani mara moja. Alikwenda kwenye kamba, akazianua zile shuka tatu, akazikunja mwenyewe moja moja, na ule mpira akaukunja pia.

Walisali adhuhuri, wakaletewa chakula, hakuna aliyekula vizuri. Kisha nyumba ikalala, kama Jeddah yote inavyolala saa ile jua likiwa kichwani. Ziyad alilala majlisini na kanzu yake. Chumbani kwa Safa mlango ulifungwa, mashine ya baridi ikaanza kuvuma. Hamdun alipokuwa akikusanya vyombo vyake vya kazi alipita mbele ya chumba cha Bi Mwatima, mlango uko wazi nusu. Bibi alikuwa amelala ubavu. Peris alikuwa ameketi chini juu ya mswala, kichwa kimeegemea godoro, amesinzia, na begi lake bado limefungwa, liko mlangoni.

Yale matambara Hamdun aliyafunga kwenye gazeti akayachukua. Aliyatupa Ghulail, mbali, kwenye pipa la mtaa mwingine kabisa.

Dukani Julius alishusha pampu tatu zilizokufa. "Hizi tunauza chuma chakavu?"

"Ziweke hapo mbele ya meza."

"Wateja wataona, bosi."

"Ndiyo."

Julius alitandika katoni, hata kabla hajavua viatu alikuwa anakoroma. Hamdun alishusha mlango wa shata nusu, akalala chali juu ya mkeka. Aliniambia kila akifumba macho aliona kile kikombe cha gahawa akikitikisa. Akageukia ukutani, akaziona zile pampu, akageuka tena. Kabla ya adhana ya alasiri usingizi ukamchukua.